Barua ya utoro kwa mtoto mwenye sikoseli: kisa kimoja cha 504 kwenye shule ya Marekani

Jumapili moja mwezi wa pili, ibada imeisha watu wanatafuta makoti yao, mama mmoja wa Kikongo akanivuta pembeni akatoa bahasha kwenye pochi. "Dada nisaidie kusoma, binti yangu kanisomea anasema ni mambo ya masomo tu, lakini uso wake haukuwa uso wa mambo ya masomo." Nikasoma. Ilikuwa barua ya utoro. Inamwambia mzazi kwamba mtoto amekosa siku 23 tangu mwezi wa nane, kwamba mahudhurio yasipobadilika suala linaweza kufika mahakamani, na chini kuna namba ya simu. Yote Kiingereza kitupu. Na aliyetegemewa kuitafsiri ndo mtoto mwenyewe anayeitwa mtoro.

Binti ana miaka 13, yuko darasa la 7, ana sikoseli. Selimundu kama wanavyoandika kwenye mabango ya hospitali zetu Tanzania, Wakongo wengi wanasema tu "ni SS" na kila mtu anaelewa. Katika zile siku 23, siku 14 alikuwa hospitali na zilizobaki alikuwa kitandani nyumbani anauma meno kwa maumivu ya mifupa. Hakuna hata moja aliyoenda kuzurura.

Mama kaniruhusu niandike, nimebadilisha vitu vichache mtoto asijulikane, na shule siitaji. Mi sio mwanasheria, ni mkalimani, ila nimekaa kwa miaka sasa kwenye vikao vya 504, yani ule mpango wa maandishi ambao shule inamwekea mtoto mwenye ulemavu au ugonjwa asibaguliwe, na hiki kisa nimeona nikiandike chote manake kina karibu kila kitu ambacho familia zetu zinakutana nacho.

Nianzie nyuma kidogo. Familia ni ya Kivu Kusini, binti kazaliwa Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa 1996. Huko kambini maumivu yake yalikuwa yanatibiwa kama malaria, mara wanasema baridi yabisi, mara anaongezewa damu anarudi nyumbani. Marekani mtoto akizaliwa anapimwa sikoseli siku za mwanzo kabisa, majimbo yote yanafanya hivo tangu 2006, lakini huyu kaja ana miaka 9 kwaiyo hakupita kwenye huo mlango. Jina la ugonjwa wamelijua baridi ya kwanza ilipompiga, akalazwa siku 6.

Shule ilijua? Ilijua. Hapa nataka watu wasome taratibu. Kwenye fomu ya kuandikisha mama alisaidiwa kuweka alama pale kwenye sikoseli. Nesi wa shule akaandaa mpango wa afya, karatasi moja, akiumwa mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, mpigie mama. Ile karatasi ikakaa kwenye droo ya nesi. Mwalimu wa hesabu hakuwahi kuiona, mwalimu wa michezo hakuwahi kuiona, ofisi ya mahudhurio ndo kabisa. Vyeti vya hospitali mama alikuwa anavileta kwa uaminifu, ila anavipeleka kwa nesi sababu ndo mtu pekee anayemjua kwa sura, na nesi hakuvipeleka kwa wale wanaohesabu siku. Kompyuta ikaona siku 23 zisizo na maelezo, ikatoa barua.

Wakati huohuo darasani binti anapata tabu nyingine ambayo hata nyumbani hakuisema mpaka tulipomkalisha. Shule yao ina utaratibu wa ruhusa tatu za choo kwa wiki. Sasa mtu mwenye sikoseli anatakiwa anywe maji mengi sana, akikaukiwa damu inazidi kujipanga vibaya kwenye mishipa na maumivu yanaanza, halafu juu ya hapo figo zake hazina uwezo wa kubana mkojo kama zako na zangu, kwaiyo anaenda choo mara kwa mara, hilo halina ubishi wa tabia. Binti akawa anajua ruhusa zikiisha Jumanne ataaibika Jumatano, akaamua kutokunywa maji. Mtoto wa miaka 13 anachagua kati ya aibu na maumivu, anachagua maumivu. Na mwezi wa kumi na moja wakakimbizwa nje kwenye baridi na kaptula za michezo, kesho yake yuko dharura.

Kabla ya barua mama alishajaribu mwenyewe. Alimwomba daktari barua, daktari akaandika mstari mmoja, mgonjwa wetu ana sikoseli tafadhali mumpe msaada anaohitaji. Akaipeleka kwa mshauri wa wanafunzi, binti ndo anatafsiri. Mshauri akafungua kompyuta akaangalia maksi, A mbili, B tatu, C moja ya hesabu, akasema mtoto wako anafanya vizuri, mpango wa 504 ni wa wale wanaoshindwa kusoma. Mama akashukuru akaondoka. Hapo kwenye kushukuru ndo niliumia, sababu najua kilichomwondoa ni heshima. Kwetu mwalimu akisema jambo mzazi habishi, unasema asante mwalimu unaenda zako, na huku ukifanya hivo wanaandika kwamba mzazi ameridhika.

Sasa sheria yenyewe inasemaje. Kifungu cha 504 ni cha sheria ya 1973, kinakataza shule yoyote inayopokea hela ya serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu. Swali la kustahili halikuanzia kwenye maksi hata siku moja. Swali ni kwamba mtoto ana tatizo la mwili au la akili ambalo linabana kwa kiasi kikubwa shughuli moja kubwa ya maisha. Moja tu inatosha. Na shughuli za maisha sio kusoma peke yake, kuna kutembea, kupumua, kulala, kula, kufikiri, na tangu Bunge lao lilivyorekebisha sheria ya walemavu mwaka 2008 wameandika waziwazi kwamba kazi za viungo vya ndani nazo zinahesabika, mzunguko wa damu umo, kibofu kimo. Mtoto ambaye damu yake haipiti vizuri kwenye mishipa na kibofu kinamsumbua kutwa nzima unamwambiaje hastahili kwa sababu ana A ya sayansi?

Ila yale marekebisho ya 2008 yana mambo mawili ambayo yalikuja kuamua hiki kisa. La kwanza, ugonjwa unaokuja na kuondoka unapimwa vile unavyokuwa siku umewaka. Sikoseli, pumu, kifafa, yote hayo. Huwezi kumwangalia mtoto Jumatatu anacheka ukaandika hana shida. La pili, huruhusiwi kuhesabu nafuu inayoletwa na dawa au vifaa, ukitoa miwani ya kawaida. Unatakiwa ujiulize bila dawa angekuwaje.

Tulianza upya. Mama akarudi kliniki ya damu, safari hii tumekaa naye jikoni kwake usiku kucha tumeandika maswali kwenye karatasi ampe daktari. Hatukuomba tena barua ya kusema ana sikoseli, hilo kila mtu anajua. Tuliomba aeleze ugonjwa unamfanyia nini ndani ya siku ya shule. Daktari akaandika kurasa mbili nzuri kweli, anahitaji maji muda wote na choo bila kuhesabiwa, baridi na joto kali ni hatari, anachoka kwa sababu damu yake ni pungufu, joto la mwili likifika nyuzi 38.5 ni dharura na sio la kusubiri mpaka kengele, maumivu yanaweza kuja bila taarifa na kutoonekana kwa macho, atakosa siku na haiwezekani kutabiri ni zipi. Barua ya kwanza na hii ya pili zimeandikwa na mkono uleule. Tofauti ilikuwa kwenye tulichouliza.

Halafu ombi la maandishi. Sheria ya 504 haisemi lazima mzazi aandike, tena shule yenyewe ina wajibu wa kumtafuta mtoto wa namna hii bila kusubiri kuombwa, siku 23 za kuumwa zilitosha kumshtua mtu. Lakini neno la mdomo halina tarehe. Mama akasema Kiingereza changu si unakijua, nikamwambia andika Kiswahili. Akaandika kwa mkono wake, kalamu ya bluu, mistari tisa, naomba mtoto wangu afanyiwe tathmini ya 504 na nyinginezo zote anazostahili, naomba mkalimani mtu mzima kwenye kikao, naomba barua zangu zote zije kwa lugha ninayoelewa. Nikaambatanisha tafsiri, akabaki na nakala, akaomba mtu wa mapokezi agonge muhuri wa tarehe. Hilo la mkalimani sio hisani wanakufanyia, linatoka kwenye sheria ya haki za raia ya 1964, na mtoto kumtafsiria mzazi wake kwenye kikao kinachomhusu yeye mwenyewe hakufai hata kidogo.

Na kama wangemwambia mama nenda kalete vipimo, asingetakiwa kuvilipia yeye. Shule ikiona inahitaji kipimo cha daktari ili iamue, kipimo hicho ni gharama ya shule. Kwetu havikuhitajika, barua ilitosha.

Kikao kilikuwa wiki ya tatu. Walikuwa makamu wa mkuu wa shule, yule mshauri, nesi, mwalimu wa hesabu, mama, mi kwenye kiti cha mkalimani nikiwa nimeshasema mapema kwamba namfahamu mama, wakakubali. Nataka niseme haki yao, hawakuwa watu wabaya. Mwalimu wa hesabu alipotafsiriwa habari ya choo alishika kichwa, akasema mimi ndo nilimnyima. Tatizo la shule nyingi sio roho mbaya, ni kwamba mtu aliyefundishwa 504 mara moja miaka mingi iliyopita anaendelea na alichokikumbuka.

Mshauri akarudi kwenye maksi. Makamu akasema lakini ana mpango wa nesi, si unatosha? Na nesi, kwa nia njema kabisa, akasema tangu aanze haidroksiyurea, ile dawa yake ya sikoseli, naona yuko vizuri. Mama alikuwa kimya mpaka hapo. Kisha akaongea Kiswahili cha polepole akiwaangalia mmoja mmoja, akasema, "Yuko vizuri siku mnamuona. Siku hayuko vizuri hamumuoni, namuona mimi." Nikatafsiri neno kwa neno. Sikuongeza kitu.

Hiyo sentensi kwa kweli ndo sheria ya 2008 yenyewe, mama kaisema bila kuisoma. Makamu akaomba dakika kumi akampigia msimamizi wa 504 wa wilaya ya elimu, kila wilaya kubwa inatakiwa iwe na mtu wa hivo, na aliporudi lugha ikawa nyingine. Mwaka 2012 Ofisi ya Haki za Raia ya Idara ya Elimu iliwaandikia mashule yote kueleza yale marekebisho, kwamba maksi nzuri hazimfuti mtoto na kwamba kuwa na mpango wa nesi hakuiondolei shule wajibu wa kumtathmini chini ya 504. Mpango wa nesi unaeleza nesi afanye nini. 504 inamfunga kila mtu kwenye jengo, na ikivunjwa una pa kulalamika, una siku 180 toka siku ya tukio kupeleka malalamiko kwenye ofisi hiyo bila kulipa na bila wakili.

Wakaandika. Anastahili. Chupa ya maji mezani masomo yote. Kadi ya choo ya kudumu, haonyeshi kwa sauti, anaiweka tu kwenye meza ya mwalimu anatoka. Michezo ndani ikiwa baridi au joto kali, na anapumzika akisema amechoka bila kudaiwa ushahidi. Seti ya pili ya vitabu nyumbani asibebe mzigo. Siku za ugonjwa zihesabiwe za ugonjwa, vyeti viende moja kwa moja ofisi ya mahudhurio, na kazi alizokosa apewe muda siku mbili kwa kila siku moja aliyokosa, na zile ambazo hazina maana tena zifutwe. Akilala hospitali zaidi ya siku chache mwalimu amfuate kwa kompyuta. Barua ya utoro ikaondolewa kwa maandishi, mama aliidai hiyo karatasi kabla hajanyanyuka kwenye kiti na mi nikajisemea moyoni, huyu sio yule aliyeshukuru akaondoka.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa muda akamnyima choo. Hakuwa amepewa karatasi. Mama akatuma ujumbe siku hiyohiyo, Kiswahili, kesho yake ukurasa mmoja wenye mambo ya lazima ukawekwa kwenye faili la kila mwalimu wa muda. Nalitaja manake watu wengi wakishasaini wanadhani kazi imekwisha.

Sasa ile C ya hesabu. Kwenye kikao mwalimu alisema kitu kikapita haraka, kwamba binti anaelewa akielezwa ila swali likiwa na hatua nne anapotea katikati, na mitihani haimalizi. Mshauri akasema ni Kiingereza, ana miaka minne tu nchini. Inaweza kuwa kweli. Lakini nikakumbuka daktari aliandika mstari mmoja mwishoni kuhusu ubongo, nikamwuliza mama, akasema kila mwaka wanampitisha kwenye kile kipimo cha kusikiliza damu ya kichwani. Kipimo hicho wanafanyiwa watoto wa SS toka miaka 2 mpaka 16 kuangalia hatari ya kiharusi. Ila kuna viharusi vidogo vya kimya ambavyo mkono haulegei wala mdomo haupindi, mtoto anaamka anaenda shule kama kawaida, na zaidi ya thuluthi ya watoto wenye SS wanakuwa wamepata mpaka wanapofika miaka 18. Vinachokula ni umakini, kasi na kumbukumbu ya muda mfupi. Kliniki wakampiga picha ya MRI. Walikuta makovu mawili madogo mbele.

Mama alilia kwenye maegesho ya magari, muda mrefu. Halafu akasema twende tukaandike barua nyingine.

Barua ya pili ilikuwa ya tathmini ya elimu maalum, na hapa mlango ni mwingine. Hii ni sheria iliyoanza 1975, saivi inaitwa IDEA, ina makundi 13 ya ulemavu, na kundi la matatizo mengine ya kiafya linataja sikoseli kwa jina ndani ya kanuni yenyewe, pamoja na pumu, kisukari, kifafa. Watu wakisikia hivo wanadhani basi ukiwa nayo umepita. Hapana. 504 inauliza je unabanwa. IDEA inauliza la zaidi, je ugonjwa unaathiri elimu yake kiasi kwamba anahitaji afundishwe kwa namna maalum, sio tu kupewa maji na muda. Ndo maana mtoto anaweza kupata 504 akakosa IEP, ule mpango wa elimu maalum unaotoka kwenye IDEA, na sio ubaguzi. Mzazi akishasaini ruhusa saa inaanza kuhesabu, siku 60 kwa sheria ya taifa kama jimbo halina hesabu yake.

Hoja ya Kiingereza ilirudi tena na ni hoja nzito, siwezi kuidharau. Sheria inakataza kumpa mtoto lebo ya ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza vizuri, na inataka apimwe kwa lugha itakayoonyesha uwezo wake wa kweli, katazo ambalo limewalinda watoto wetu wengi wasitupwe kwenye elimu maalum. Ila lisigeuzwe kuwa kifuniko. Mtoto anaweza kuwa anajifunza Kiingereza na akawa na kovu kwenye ubongo vyote kwa pamoja. Mwanasaikolojia wa shule akampima kwa Kiingereza, sehemu nyingine kwa Kiswahili na mkalimani ambaye sio mi, kisha akafanya jambo la akili, akaangalia kama kasi na kumbukumbu zinashuka kwenye lugha zote mbili. Zilishuka kwenye zote mbili. Msamiati wa Kiswahili ulikuwa mzuri wa umri wake, ila akitajiwa namba sita azirudishe kinyumenyume anashindwa kwa Kiswahili vilevile kama kwa Kiingereza. Hapo habari ya lugha ikaisha.

Mwezi wa tano akapata IEP. Vile vya 504 vikahamia humo ndani vyote, ikaongezwa hesabu na mwalimu wa elimu maalum mara nne kwa wiki ndani ya darasa lake lilelile, hatua za swali zinaandikwa kwenye kadi, mitihani muda mara moja na nusu na ruhusa ya kukatisha akapumzika.

Kilichobaki mpaka mwezi wa kumi na mbili kilikuwa basi. Kituo kiko kama dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kwenye apatimenti, barabarani kabisa hakuna kibanda, na wote tunajua asubuhi za huku zinavyokuwa kuanzia hapo. Wilaya ilisema usafiri ni jambo la ofisi nyingine. Mama akawaambia baridi ipo kwenye barua ya daktari, ukurasa wa kwanza, na kama ndani ya shule mnamlinda na baridi halafu nje mnamsimamisha nayo nusu saa basi hamjamlinda. Wakaitisha kikao, usafiri ukaandikwa kwenye IEP. Saivi basi linasimama getini kwao saa kumi na mbili na dakika arobaini, na binti anashuka ngazi akiliona taa.